Je, wajua? Kipigo kinachokuuma zaidi huenda ndicho unachokikumbuka vibaya

Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika na jambo moja kuhusu usiku wa tarehe 2 Julai 2010: Asamoah Gyan alipiga penalti, mpira ukagonga mtambaa panya, Ghana ikatolewa Kombe la Dunia. Hadi leo nikifumba macho nauona mwamba ukitikisika. Kisha giza. Mechi imekwisha.

Kumbe haikuwa imekwisha. Nilipokuja kuirudia baadaye, nilibaki nimeduwaa. Kichwa cha Dominic Adiyiah kilikuwa kinaelekea wavuni mwishoni kabisa mwa dakika 120, Luis Suárez wa Uruguay akauzuia mpira kwa mikono mstarini, akala kadi nyekundu, na Gyan akagonga mwamba. Hapo kumbukumbu yangu ilikuwa sahihi. Lakini matokeo yalikuwa bado 1–1, na timu zikaenda kwenye mikwaju ya penalti. Mtu wa kwanza kupiga kwa upande wa Ghana alikuwa Gyan yuleyule, dakika chache tu baada ya kuivunja mioyo ya bara zima, na akaupachika juu kabisa pembeni. Waliokosa ni John Mensah na Adiyiah. Tena katikati ya mikwaju ile Maxi Pereira wa Uruguay alipaisha wake, kwa hiyo Ghana ilipata nafasi ya kufufuka, na mimi nafasi hiyo nilikuwa nimeifuta kichwani kabisa. Sebastián Abreu akamalizia kwa kuudokoa mpira taratibu katikati ya goli. Uruguay ikashinda 4–2.

Tangu hapo nimewauliza wapenzi wengi wa soka. Karibu kila mmoja anamtaja Gyan. Mensah humsikii. Kwa nini basi maumivu yanabaki makali kiasi hicho ilhali mechi yenyewe tumeikosea?

Nilichokuwa nakiamini ndicho wengi wanachokiamini: kwamba uchungu ni patasi, na kinachouma huchongwa akilini jinsi kilivyotokea. Methali yetu inasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na ni kweli tupu. Lakini iangalie vizuri. Inazungumzia kushtuka. Haisemi kama mtafunwa anakumbuka nyoka alikuwa na rangi gani, alitokea upande upi, au nani alikuwa amesimama karibu. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na mimi nilikuwa nimevifanya kimoja.

Imani hii hata wanasayansi waliwahi kuikaribia. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik waliandika kwamba tukio la kushtua hubaki akilini kama picha iliyopigwa kwa mwanga wa ghafla. Kisha Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka, na Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch wakawaomba wanafunzi waandike, mara tu baada ya ajali, walikuwa wapi na walizipataje habari. Miaka miwili na nusu baadaye wakawauliza tena. Wengi walisimulia mambo tofauti na waliyoyaandika wenyewe, na wengine walikuwa na uhakika wa kutosha kiasi kwamba hata walipoonyeshwa mwandiko wao hawakubadili msimamo.

Mshtuko una kazi yake, sikatai. Homoni za taharuki zinapopanda, ubongo huimarisha kumbukumbu ya kile kilichokuwa katikati ya macho yako, mara nyingi vilivyo pembeni vikilipia gharama. Mwamba unabaki, Mensah anapotea.

Utafiti ulionigeuza kabisa ulichapishwa mwaka 2011 na Carolyn Breslin na Martin Safer. Waliwauliza mashabiki 1,563 wa besiboli nchini Marekani kuhusu mechi mbili za kuamua bingwa kati ya mahasimu wale wale: Yankees walioshinda mwaka 2003, na Red Sox waliolipa kisasi mwaka 2004. Mpangilio huo ni mtamu, maana mechi iliyokuwa sherehe kwa huyu ndiyo iliyokuwa msiba kwa yule. Kama uchungu ungekuwa patasi, kila upande ungeikumbuka vizuri zaidi mechi uliyofungwa. Ikawa kinyume. Mashabiki walijibu kwa usahihi zaidi kuhusu mechi ambayo timu yao ilishinda, na ndiyo waliyosema wameifikiria na kuizungumzia mara nyingi zaidi. Hii ni besiboli, na ni mechi mbili tu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila shabiki wa soka yuko hivyo. Lakini maelezo yake yananishawishi.

Fikiria kumbukumbu kama njia ya miguu inayokatiza porini. Hakuna aliyeichonga kwa siku moja. Imekuwepo kwa sababu watu wanapita, na kila anayepita anayalaza majani kidogo zaidi. Ushindi ni njia inayopitwa kila siku. Asubuhi unausimulia, jioni unaurudia, wiki nzima unatazama mabao, na mwenzako anakukosoa: “Hapana, pasi ile ilitoka kulia.” Njia inazidi kuwa pana, na kila mpita njia anakurekebisha usiende kando.

Kipigo ni pale porini ulipoanguka ukavunjika mguu. Pale mahali unapajua vizuri mno. Ni kama umepachomeka kigingi. Lakini hupiti tena. Unazima runinga, unaruka kurasa za michezo, mtu akianzisha mazungumzo unabadili mada. Majani yanaota. Miaka kumi ikipita unataka kumwonyesha mtu ulipoangukia: kigingi unakiona, ila njia ya kukifikia na ya kutoka hapo haipo tena. Basi unafyeka mpya, kwa kukisia, ile iliyo fupi na inayoeleweka. Penalti imekosa, timu imetoka. Ukishaifyeka na kuipita mara mbili tatu, nayo inaonekana ya zamani, na hutaitofautisha na ile ya kweli.

Kukwepa huko hata kwenye lugha kumo. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo vya Marekani walivaa zaidi nguo zenye nembo ya chuo timu yao ikishinda, na walipoelezea ushindi walipenda kusema “sisi” kuliko walipoelezea kipigo. Kwa Kiswahili tofauti hiyo inakaa kwenye silabi moja tu. Sikiliza siku ya ushindi: “Tumeshinda.” Siku ya kipigo: “Wamefungwa wale.” Tu- imekuwa wa-, na shabiki ameshatoka uwanjani.

Sasa utauliza: mbona vipo vipigo ambavyo watu wanavijua dakika kwa dakika? Vipo, na nadhani vinaiunga mkono hoja ya njia. Tarehe 19 Mei 2001, siku ya mwisho ya ligi kuu ya Ujerumani, Schalke waliokuwa wakiwania ubingwa na Bayern waliifunga Unterhaching 5–3 kwenye uwanja wao, Parkstadion. Huko Hamburg, Bayern walikuwa wamefungwa bao dakika ya 90. Mashabiki wa Schalke wakaamini ubingwa ni wao, wakamiminika uwanjani, watu wazima wakilia kwa furaha. Dakika kama nne hivi. Kumbe Hamburg mpira ulikuwa bado unachezwa. Kipa wa wenyeji, Mathias Schober, aliyewahi kuidakia Schalke yenyewe, akaudaka mpira uliorudishwa na mwenzake. Faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi. Patrik Andersson akasukuma shuti likapenya katikati ya msitu wa miguu. Sare hiyo ilitosha: Bayern bingwa.

Kipigo hicho hakikufichwa. Schalke walipewa jina, Mabingwa wa Mioyo, na kisa chao kimesimuliwa tangu siku ile. Njia yake haijaota nyasi. Kilicho nje yake ndicho kinachofifia: siku saba baadaye Schalke walichukua Kombe la Ujerumani, na ni nadra msimulizi akafika huko.

Inabaki habari ya utamu, kwa sababu mashabiki wale wanaisimulia siku ile kwa macho yanayong'aa. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba hisia mbaya iliyofungamana na tukio hufifia haraka kuliko hisia nzuri. Makali ya siku yanaisha, ila aliyekushika bega bado yupo. Mwaka 2021 Martha Newson na wenzake waliandika kwamba mashabiki wa klabu zilizofanya vibaya zaidi katika Ligi Kuu ya Uingereza walikuwa wameshikamana wao kwa wao kuliko wa klabu zilizofanikiwa. Hapo niweke tahadhari: huenda si kipigo kinachowaunganisha, bali wasio na mapenzi mazito walishaondoka, tukahesabu waliobaki. Hata hivyo yeyote aliyewahi kutoka uwanjani kimya, bega kwa bega na mtu asiyemjua jina, anajua utafiti huo unagusa nini.

Siku hizi nikiirudia mechi ya Ghana siizimi mpira ukigonga mwamba. Nasubiri Uruguay wapige wa kwanza. Kisha Gyan anatoka peke yake katikati ya uwanja, anauweka mpira kwenye alama ya penalti, anarudi nyuma, anakimbia, na unaingia juu kabisa, mahali ambapo kipa asingeufikia.