Chakula cha ziada cha mgahawani: si kiporo, si makombo

Kiporo ni chakula kilicholala, wali wa jana unaopashwa asubuhi na kushushiwa chai. Makombo ni yale yaliyosalia kwenye sahani baada ya mtu kula. Chakula cha ziada ni kitu kingine kabisa: kimepikwa leo, hakijaguswa na mlaji yeyote, ila mnunuzi wake hakutokea. Naomba tofauti hiyo ishikwe vizuri, maana wengi wakisikia chakula cha mgahawani kinauzwa kwa bei ya kutupa, hudhani wanauziwa mabaki ya sahani za watu.

Biashara ya kuuza chakula hiki kwa bei ya chini imeshika sana Ulaya. Programu ya simu inayojulikana zaidi, Too Good To Go, ilianzia Copenhagen, Denmark, mwaka 2015, na mwanzoni ililenga migahawa ya bufee. Huko hasara inaonekana kwa macho. Masinia hujazwa mpaka dakika za mwisho, kwa sababu mteja anayeingia saa tatu usiku analipa sawa na aliyeingia saa moja, naye ana haki ya kukuta kila kitu. Mlango ukifungwa, kuku na wali waliokuwa bado wanatoa mvuke huishia pipani.

Sasa badala ya pipa, mgahawa au duka la mikate linatangaza kwenye programu kwamba leo lina mifuko kadhaa ya chakula cha ziada. Unalipa kwa simu, mara nyingi kama theluthi moja ya bei ya kawaida, na unapewa muda wa kwenda kuchukua, kwa kawaida karibu na saa ya kufunga. Ukifika unaonyesha simu, unakabidhiwa mfuko. Kilichomo hukijui mpaka uufungue: pengine mkate mzima, mikate midogo miwili ya mdalasini na sandwichi moja. Huchagui, kwa sababu hata mwenye duka asubuhi hakujua nini kitabaki, na huko kutochagua ndiko kunakoshusha bei. Siku ambayo kila kitu kimeuzwa, oda hufutwa na hela yako hurudi.

Kwa Mwislamu aliyeko Ulaya, mfuko usiojulikana kilichomo si jambo dogo, kwani nyama ya nguruwe iko kwenye vyakula vingi. Afadhali achague mgahawa wa halali. Na mwenye mzio wa karanga au maziwa aulize dukani kwanza, asibahatishe.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, linakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Migahawa na wauzaji wengine wa chakula kilichopikwa walitupa tani milioni 290. Majumbani tulitupa milioni 631, zaidi ya mara mbili yake. Kwa hiyo mfuko ukinunuliwa kwa furaha kisha ukasahaulika kwenye friji siku nne, chakula kimehama pipa tu. Mimi nashauri mfuko ufunguliwe papo hapo ukifika nyumbani. Vilivyopikwa viliwe usiku uleule, mkate ukatwe vipande na kuwekwa kwenye friza, na kilichozidi agongewe jirani mlango kingali kizuri.