Usinionyeshe picha, nieleze Jumanne yako

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa na kilo 112 kwa urefu wa sentimita 161, na kabla hajakaa akaninyooshea simu. Binti yake alikuwa amempiga picha na kuipitisha kwenye programu ya kupunguza mwili. Humo ana kiuno cha nyigu na uso laini kama wa mwali. "Dokta, nataka niwe huyu." (Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila hapa Dar ukishavaa koti jeupe jina hilo hulikwepi.)

Picha za namna hiyo naletewa mara kwa mara, na sizipendi. Programu inaubana mwili pande zote ikamaliza. Mwili wenyewe haupungui hivyo. Seli za mafuta husinyaa tu, na ngozi iliyovutika miaka kumi na tano hairudi kwa sababu mzani umeshuka. Kazi ya kuirudisha ni ya nyuzi za kolajeni na elastini, na nyuzi hizo huchoshwa na umri, sigara na muda ngozi ilivyokaa imetanuka. Ndiyo maana aliyepoteza kilo 40 anaweza kubaki na ngozi inayoning'inia tumboni, mapajani na chini ya mikono: nyama uzembe imeondoka, mfuko wake umebaki. Mikunjo hiyo ikishika jasho la Januari inachubuka na kuota fangasi, kwa hiyo ioshwe na ikaushwe vizuri. Mafuta ya kupaka hayaibani, hata yauzwe bei gani. Kunyanyua vitu vizito hujaza misuli kwa chini na kusaidia kiasi. Upasuaji wa kuikata upo, lakini kwa kawaida husubiriwa uzito utulie kwanza, angalau miezi sita.

Halafu kuna uso. Kwetu uso ndio unaosomwa kwanza, na mashavu yakiingia ndani watu hawakupi hongera, wanakuuliza kwa sauti ya chini kama unaumwa. Watu wazima wanajua swali hilo lilikotoka: miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuua watu Rakai na Kagera, upande wa Uganda waliuita "slimu". Nimewahi kuwa na mteja aliyepungua kilo 18 kwa jasho lake, akaenda msiba mmoja tu, akatazamwa. Wiki iliyofuata akarudia maandazi. Siku hizi jibu la kumpa shangazi tunaliandaa mapema, humu humu ofisini.

Nywele nazo: kilo zikishuka kwa kasi, baada ya miezi miwili mitatu zinaweza kudondoka kwa wingi kwenye kitana. Mara nyingi huota tena. Jambo la kuharakia ni dawa. Kama unatumia insulini, au vidonge vya sukari au presha, dozi yako ilipangiwa mwili wa zamani, na ukiendelea nayo vilevile sukari au presha inaweza kushuka mno. Usiipunguze mwenyewe, ila usingoje kuanguka bafuni ndiyo urudi kliniki.

Basi yule mama nilimwambia aweke simu, anieleze Jumanne. Si sikukuu wala harusi. Jumanne ya kawaida, uzito ukiwa umeshapungua, tangu anapoamka. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema anataka kusali bila kiti. Magoti yalikuwa yamemshinda kusujudu, akawa anasalia kwenye kiti cha plastiki, na mwezi wa Ramadhani alikuwa akiona aibu kukibeba kwenda nacho tarawehe.

Hapo ndipo tulipoanza kazi, maana goti nalijua. Utafiti uliofanywa kwa watu wenye maumivu ya magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hiyo aliielewa haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kumwambia kuhusu wanga.

Mwaka na kidogo baadaye yuko kilo 85. Chati yangu bado inamweka kwenye kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, na yule wa kwenye picha ya simu hafanani naye hata kidogo; tumbo lina mkunjo, shingo imelegea. Akili nayo imechelewa. Mlango wangu ni mpana, lakini bado anaingia kiubavu, na kwenye daladala bado anamuuliza konda kama siti ya mwisho itamtosha. Wateja wengi huwa hivyo kwa miezi mingi, kwa hiyo simkosoi. Nguo namwambia asinunue mpya kwanza; fundi ambane madera ya zamani, na asikate kitambaa kilichobaki kwenye mshono.

Kiti nilimuuliza kiko wapi. Akasema kiko uani, mjukuu anakitumia kulia uji.