"Kwenye konsoli inafanya kazi!" Dhana potofu kuhusu programu za dirisha na michakato yake

Dhana: "Kwenye konsoli inafanya kazi, kwa hiyo kodi ni nzima. Windows ndiyo yenye shida."

Kodi ya Python inayoanzisha programu nyingine si nzima. Ilikuwa inabebwa na konsoli, lile dirisha la kuandikia amri. Mchakato mtoto (programu iliyoanzishwa na nyingine, yaani mzazi) hurithi stdin, stdout na stderr za mzazi, yaani njia za kupokea data, kutoa matokeo na kutoa makosa, na mzazi aliyefunguliwa kwenye konsoli anazo zote tatu bila kuziomba. Endesha kodi ileile kwa pythonw.exe (Python isiyofungua konsoli), au ifungashe iwe .exe kwa PyInstaller na --noconsole, uone: sys.stdin, sys.stdout na sys.stderr zote ni None, yaani hazipo. Mzazi hana cha kurithisha.

Wengi hunasa kwenye mstari huu:

subprocess.run(amri, capture_output=True)

Unaonekana umekamilika, kumbe umeelekeza stdout na stderr tu. Stdin imeachwa, kwa hiyo Python inaiomba Windows kishikio (namba inayowakilisha njia hiyo) cha stdin cha mzazi ili ikinakili. Kikiwa ni namba mfu isiyoelekea popote, unapata [WinError 6], yaani kishikio si halali, kabla mtoto hajaanza hata kidogo. "Lakini programu yangu haisomi stdin!" Haijalishi, kinachokwama ni kunakili, si kusoma. Ongeza stdin=subprocess.DEVNULL, yaani mpe mtoto chanzo kitupu. Ukigusa moja, zipange zote tatu, hata pale unapoona hakuna haja.

Halafu andika stderr na returncode (namba ambayo mtoto anaiacha anapomaliza) kwenye faili la kumbukumbu, kwa njia kamili, ndani ya folda ya mtumiaji. Usiliweke Program Files, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Wala usitegemee folda ya sasa: programu iliyofunguliwa kwa njia ya mkato inaweza kuanzia folda nyingine kabisa.

Dhana: "Sijaona ujumbe wa kosa, basi hakuna kosa."

Chini ya pythonw, print() haitoi kitu na hailalamiki. Soma returncode. 3221225781 ni 0xC0000135: DLL (faili la maktaba ya kodi) inayohitajika haikupatikana. 3221225477 ni 0xC0000005: mtoto amegusa kumbukumbu isiyo yake. Kwenye C# namba hizohizo hutokea zikiwa hasi, -1073741515 na -1073741819, na watu huhangaika nazo kana kwamba ni makosa mapya.

Dhana: "CREATE_NO_WINDOW itarekebisha."

Chaguo hili la kumwanzisha mtoto bila konsoli litaondoa lile dirisha jeusi linalowaka na kuzimika. Basi.

Dhana: "Weka shell=True."

Yaani amri ipitie cmd, kiendesha-amri cha Windows. Ushauri huu ungepigwa marufuku ningefurahi. Ni kweli dir inahitaji cmd, kwa kuwa hakuna dir.exe. Lakini [WinError 2] kwa kawaida inakuambia waziwazi kwamba programu uliyoitaja haikupatikana, na dawa yake ni njia kamili ya faili la .exe. Ukiweka shell=True, cmd ndiyo inayoanza salama, kosa halionekani tena, na unabaki na returncode 1 pamoja na maelezo ndani ya stderr ambayo hukuisoma.

Dhana: "Dirisha limeganda, kwa hiyo mtoto ni mzito."

Angalia kwanza kama umetumia stdout=PIPE (matokeo ya mtoto yapite kwenye bomba hadi kwa mzazi) kisha wait(). Bomba likijaa, mtoto anasubiri limwagwe, mzazi naye anasubiri mtoto amalize. Tumia communicate(), inayomwaga bomba huku ikisubiri, na uiite kwenye uzi (thread) tofauti na ule unaochora dirisha; la sivyo litaganda tu, hata mtoto akiwa mwepesi.