Mvua kubwa si adui wa uvuvi wa stilihedi

Husemwa mara nyingi kwamba mvua kubwa za majira ya baridi huharibu uvuvi wa stilihedi, yaani trauti anayekulia baharini na kurudi mtoni kuzaa. Madai hayo ni nusu ya ukweli. Mto kama Hoh, katika jimbo la Washington nchini Marekani, unapofurika na kujaa tope, samaki haoni chambo. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayomvuta kutoka baharini na kumvusha penye kina kifupi. Linalopaswa kumtia mvuvi wasiwasi zaidi ni ukame wa muda mrefu, kwa kuwa maji yakiwa machache na maangavu mno, samaki wapya hawaingii kwa wingi na waliomo hushtuka upesi.

Wakati bora ni mto unapoanza kupungua na kugeuka kijani, mawe yakionekana kwa kina cha mita moja hivi. Hapo chambo kipitishwe polepole karibu na sakafu ya mto, kandokando ya mkondo, maana katika maji ya nyuzi 4 au 5 za Selsiasi samaki huyu hapotezi nguvu kufuata chakula kilicho mbali.