Popo wa Pemba hana ndugu bara

Mgeni akishuka gatini Mkoani akaniambia anataka kuona wanyama wa Pemba, simpeleki msituni moja kwa moja. Namfungulia kwanza ramani ya mabaharia, ile yenye tarakimu za kina cha maji, kwa sababu habari yote ya viumbe wa kisiwa hichi imeandikwa pale baharini.

Tazama Unguja. Maji yaliyo kati yake na Bagamoyo ni ya kina kifupi. Mengi hayafiki hata mita 50. Zama za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita 100 kuliko ilivyo leo, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Chui aliingia kwa miguu, na kima punju, na paa. Maji yaliporudi kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, waliokuwemo wakafungiwa ndani. Sasa peleka kidole kaskazini, kwenye mkondo unaoitenga Pemba na Tanga. Upana wake ni kama kilomita 50, lakini kina chake hufika karibu mita 800. Bahari ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, na Pemba ikabaki kisiwa vile vile. Hapakuwa na njia ya miguu. Aliyetaka kuja ilibidi aruke, aelee, au aletwe na watu.

Ndiyo maana msitu wetu wa Ngezi ni tofauti na ule wa Jozani kule Unguja, na namuomba mgeni asiulinganishe. Kima punju wachache waliopo Ngezi hawakuja wenyewe. Walihamishwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Chui hatukupata kuwa naye. Tulicho nacho ni ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Wanne kwa kisiwa kimoja ambacho ukiamka alfajiri unakimaliza kwa gari kabla ya adhuhuri.

Chozi utamuona popote penye maua, hata uani kwa watu. Kinengenenge naye hajifichi. Bundi ndiye wa kutafutwa, na kwake inafaa ulale Konde au Makangale ili uingie Ngezi baada ya magharibi. Hutoa sauti fupi moja, "hu", kisha hunyamaza. Mwenziwe humjibu kutoka mti mwingine. Ukimulika utakuta ndege mdogo wa rangi ya gome, au mwekundu kama udongo wa njia ya shamba, kwani wapo wa rangi zote mbili. Najua wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi ni mkosi. Mimi nimesimama chini ya bundi huyu usiku mwingi, na kila mara namshukuru Mungu kwamba bado ana pango la mti la kulelea watoto.

Ngezi yenyewe ni hekta 1,440 tu. Wasafiri wa Kiarabu waliiita Pemba Jazira ya Kijani, na kijani hicho bado kipo, ila kimebadilika. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba haikuumia sana, na kilimo cha karafuu kikazidi kuhamia huku. Vilima vilivyokuwa msitu vikawa mashamba. Mimi ni mtoto wa karafuu. Ada zangu za skuli zilitoka kwenye majamvi ya kuanikia, na harufu ile ndiyo harufu ya kwetu. Lakini lazima niseme kwamba ukipita kwenye mikarafuu hupiti kwenye msitu wa asili. Mgeni wa mara ya kwanza huona miti kila upande akadhani yote ni msitu.

Ndani ya Ngezi namsimamisha mgeni mbele ya mpapindi. Ni mti wa jamii ya minazi, mwembamba, wenye pete shinani, na asili yake ni Pemba peke yake. Ukiwatafuta ndugu zake hutawapata Tanga wala Lindi. Wako Madagaska na Komoro. Hapo ndipo watu huanza kuielewa ile ramani: kisiwa hichi kimeangalia baharini zaidi kuliko bara.

Na popo wetu ni hivyo hivyo. Bara wapo popo wengi walao matunda, lakini jamii ya popo huyu, ambayo wanasayansi huiita Pteropus, haipo popote kwenye bara lenyewe la Afrika. Imeenea Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki, ikaja kisiwa kwa kisiwa katika Bahari ya Hindi: Madagaska, Shelisheli, Komoro, Mafia, na Pemba. Hapa ndipo ukomo wake. Mkondo ule ule wa kilomita 50 ambao mashua huuvuka umetosha kumzuia mnyama ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanafika mita moja na nusu na zaidi.

Nampeleka mgeni Kidike, kijiji kilichojitolea kuwalinda. Mchana utawaona wananing'inia kama matunda makubwa ya rangi ya kahawia iliyokoza na manyoya mekundumekundu, wakijipepea kwa bawa jua likizidi. Watazame usoni: macho makubwa, pua ndefu kama ya mbweha. Popo wadogo walao wadudu hupiga ukelele na kusikiliza mwangwi wake ili wajue njia. Huyu hana kipaji hicho wala hakihitaji. Hutegemea macho na pua, na tunda lililoiva hulinusa gizani.

Mwaka mmoja bibi mmoja karibu na hapo alinikamata njiani. "Mwanangu, hao popo wako wamenimalizia maembe." Nikamwambia, "Shikamoo bibi, pole sana," kwa sababu alikuwa anasema kweli, wanakula maembe na mashelisheli, na kwake kila embe lina bei. Sikutaka kumhubiria. Tuliketi barazani, nikamuonesha makapi chini ya mwembe. Popo hutafuna tunda, akafyonza maji yake, nyuzi akazitema. Mbegu ndogondogo humeza na kuziangusha mbali anaporuka. Mbegu za mvule husafiri kwa njia hii, na ua la msufi hufunguka usiku likimngojea mgeni wa aina yake. Bibi akaangalia mvule uliokuwa nyuma ya nyumba, ambao hakuna mtu wa ukoo wake aliyeupanda. Akasema, "Basi huu wameupanda wao." Maembe bado yalimuuma, na ana haki. Siku hizi huyachuma mapema kidogo, akayavundika ndani.

Popo hawa nusura tuwapoteze. Waliliwa tangu zamani, lakini bunduki ilipoingia mti mzima uliweza kumalizwa asubuhi moja. Mama huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka na humbeba kifuani, hivyo pengo halizibiki upesi. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kilichowaokoa ni vijiji vyenyewe: vikundi vya walinzi vilivyoundwa kuanzia miaka ya 1990 kwa msaada wa wahifadhi wa nje, watu waliokataza bunduki kwenye miti yao, na zile sehemu za makaburi ya zamani ambazo hakuna aliyethubutu kukata mti. Wachache waliokuwa wamebaki wakafikia zaidi ya 20,000 katika hesabu za baadaye, na daraja lao la hatari likashushwa.

Hesabu yenyewe ni kazi ya subira. Tunakaa mbali kidogo na mti, kila mtu na upande wake wa mbingu, na mwadhini anapoadhini magharibi sisi tunahesabu. Huondoka mmoja, kisha watatu, kisha anga lote hujaa.

Kwa hivyo ukija Kidike, usimuombe mtembezaji apige makofi ili waruke mchana upate picha. Mama aliyeshtushwa akiwa na mtoto kifuani anaweza kumuangusha. Njoo saa kumi na moja jioni, lipa kiingilio cha kijiji, kaa kwenye nyasi, ngoja. Wataruka wenyewe.