Kiungo cha mpira wa maji kikivuja, usikimbilie spana

Mpira wa kumwagilia ukivuja pale unapofungwa kwenye koki, wengi huamini nati imelegea. Spana inaletwa, nati inakazwa hadi inalia, na matone yanaendelea. Wengine huzungushia hesi, ile mikato ya kufungia, ule utepe mweupe wa mafundi. Kesho yake chini bado pana tope.

Kosa ni kudhani kwamba hesi ndiyo inayozuia maji. Kwenye viungo vya mipira ya bustani, hesi kwa kawaida ni za upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ni kuvuta na kubana tu. Kinachoziba ni washa, kile kipete cha raba kilicho ndani ya nati. Kichomoe ukitazame: kikiwa kimekauka, kimepasuka au kimebonyea upande mmoja, mchawi umempata. Weka kipya, kaza kwa mkono, basi. (Mara nyingine hakipo kabisa, kilidondoka siku ulipofungua.)

Spana hukiponda tu, na nati ya plastiki inaweza kupasuka. Ukimaliza kumwagilia, funga koki kisha mwaga maji yaliyobaki ndani. Mpira ulioachwa umejaa juani huvimba, na viungo huchoka mapema.