Tawi refu lilivyowapoteza maikrosporidia

Maikrosporidia ni vimelea vya seli moja vinavyozaliana ndani ya seli za wadudu, samaki na binadamu. Hata kwa hadubini ya elektroni havikuonekana kuwa na mitokondria (vyombo vya seli vya kuzalisha nishati), na ribosomu zao (mitambo ya kutengeneza protini) ni ndogo kama za bakteria. Mwaka 1987 RNA ya ribosomu ya Vairimorpha necatrix ilisomwa, na mti wa ukoo ukavipachika shinani kabisa, kana kwamba vilitangulia mitokondria kuwepo. Sivyo. Ni jamaa wa kuvu.

Kosa lilitokana na kasi ya mabadiliko. DNA ina herufi nne tu. Tuseme kwenye nafasi moja ya jeni, viumbe wenye kiini karibu wote wana A. Kimelea chetu, kinachobadilika haraka, kimegeuza A ikawa G. Arkea (vijidudu visivyo na kiini), tuliowaweka kama kundi la nje, yaani la mbali linaloonyesha shina lilipo, nao wana G, lakini waliipata kwa njia yao. Programu huziona G mbili na kuzihesabu kama urithi mmoja. Sadfa hizo zikirundikana, tawi refu la kimelea (urefu wa tawi ni wingi wa mabadiliko) huvutwa na tawi refu la kundi la nje. Butstrapu 1,000, yaani kujenga mti upya mara 1,000 kwa nafasi zilizochaguliwa kibahati, hazikuokoi, maana kosa hilohilo limo katika kila sampuli. Hapo asilimia 100 isikutulize.

Protini ya tubulini ndiyo iliyoanza kuwarudisha kwa kuvu, mwaka 1996. Mwaka uliofuata ikapatikana protini Hsp70 ya asili ya mitokondria, na 2002 mabaki ya mitokondria yenyewe yakaonekana ndani ya Trachipleistophora hominis. Jenomu (DNA yote) ya Encephalitozoon cuniculi, maikrosporidia mwingine, herufi milioni 2.9 na jeni karibu 2,000, ni ya kiumbe aliyepoteza vingi kwa kumtegemea mwenyeji.

Ukijenga mti wa namna hii, tumia protini nyingi badala ya jeni moja, na ulikate tawi refu kwa kuongeza jamaa wa karibu kama Rozella. Kisha ondoa nafasi zinazobadilika haraka, kidogo kidogo, ukijenga mti upya kila mara. Kimelea kikiondoka pale shinani, ujue kilivutwa. Mimi huliondoa pia kundi la nje lote, nione kinaangukia wapi.

Jeni ya 18S, ile ya RNA ya ribosomu, haijapoteza kazi. Microsporidia MB, ambayo mwaka 2020 iliripotiwa kumzuia Plasmodium, kimelea cha malaria, ndani ya mbu Anopheles arabiensis nchini Kenya, ilitambuliwa kwa jeni hiyo, kwani hapo inalinganishwa na maikrosporidia wenzake, ambako hakuna kundi la mbali la kuvuta tawi.